Guys ni Kila Mtu, Mpaka Pikipiki Zije

Uvumilivu wangu ulikatika Kakuma, Jumatatu asubuhi, mbele ya pikipiki sita zilizopangwa mstari kama mbuzi wa mnada. Nilikuwa na mtoto mgongoni na helmeti ya shemeji yangu kichwani, ile yenye stika ya simba. Bosi akasoma majina sita kwenye karatasi. Yote ya wanaume. Akaikunja karatasi, akaniangalia, akatabasamu.

"Siz, na hiyo helmeti unaenda wapi?"

"Kujifunza pikipiki. Si ulituita?"

"Niliita guys."

"Na mimi ni guys. Ulisema mwenyewe."

"Aah, siz, relax. Ulijua nilimaanisha nini."

Hapo ndipo kamba ilikatika. Sikulia. Mimi nikikasirika silii, natafuta ubaya.

Kazi yetu ni kupima watoto. Tunatoka Lodwar tunaenda Lorugum na maboma ya nyuma yake, tunapima uzito, tunaongea na mama aliyejifungua juzi. Ofisini tuko wanawake watatu na wanaume sita. Mwanamume akifika boma lenye mama na kichanga anabaki nje kwenye jua, anauliza maswali kupitia ukuta wa matawi kama mtu anayeuza kitu. Mimi naingia, nakaa chini, napewa mtoto mkononi. Lakini mpaka nifike huko lazima nisubiri gari, na gari likiharibika naharibika nalo.

Bosi aliletwa kutoka huko chini tunakokuita Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Asubuhi yake ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Hi guys!" Niligeuka kuona kama kuna wanaume nyuma yangu. Hakukuwa. Tulikuwa sisi watatu na mtungi wa maji. Nikamuuliza kama ni sisi.

"Guys ni kila mtu," akasema. "Hiyo ni Kiingereza ya kisasa. Haina mwanamke, haina mwanamume."

Nilisoma Kiingereza miaka minne sekondari, chini ya mwalimu aliyetuadhibu kwa sababu ya koma, na hiyo hakuwahi kutuambia. Lakini sikukataa. Kusema kweli niliipenda. Tangu nizae naitwa mama kila mahali, hata na wazee wa umri wa babu yangu. Kuitwa guys ilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana.

Ila mimi kitu nikipewa nakijaribu kwanza, kama sarafu. Nikaanza kusikiliza. "Guys, mkutano saa tatu," tunaingia wote. "Guys, nani ataosha vikombe?" wanaume sita wanainamia simu kama kanisani. Siku moja nikasimama, nikawaambia, "Guys, mmeitwa." Mmoja akaenda kuosha. Alivunja kikombe makusudi, lakini alienda.

Siku nyingine, watu wakinywa chai, nikamuuliza bosi, "Bosi, wewe unapenda guys?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Mke wako ni guy?"

Dereva wetu, mzee wa hapa hapa Turkana ambaye hacheki ovyo, alitema chai. Bosi akawa mwekundu masikioni. "Hiyo ni tofauti," akasema.

"Tofauti iko wapi?"

"Iko tu."

Hiyo "iko tu" nikaiweka akiba.

Halafu ujumbe ukaingia kwenye kundi letu la simu: "Guys, mkataba mpya utakuwa wa wanaoendesha pikipiki pekee. Anayetaka kujifunza afike Kakuma Jumatatu saa mbili." Nikausoma mara tatu. Mkataba wetu unaisha mwezi huu. Asiyeendesha anarudi nyumbani, na nyumbani kwangu anayeleta chakula ni mimi. Wenzangu wawili wakanicheka. "Wewe, hiyo ni ya wanaume." Nikawaambia sisi ni guys. Wakaniacha niende peke yangu na uguys wangu. Nikatoka kwangu Nawoitorong, nje ya Lodwar, alfajiri, mtoto mgongoni.

Kwa hiyo sasa mnaelewa nilivyosimama pale na simba wangu kichwani.

Bosi alijaribu kunituliza. "Usijali, siz. Kuna mbuzi leo. Saidia jikoni na chai na ugali."

Jikoni nilimkuta mkalimani wetu wa kambi ya wakimbizi, mama kutoka Sudan Kusini, mrefu kama mlingoti, mdomo wake mrefu zaidi. Nikamweleza yote huku nikisonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukalia.

"Kwetu mtu akiita *ya jamaa*, enyi watu," akasema, "anakuja mpaka mbwa. Huyu wenu anaita nani?"

"Sijui. Leo nitajua."

Sasa, kwa asiyejua: kwetu mbuzi akichomwa, wanaume wanakaa nusu duara, wakubwa kwa wadogo, kila mtu juu ya kigoda chake, nyama imetandikwa kwenye majani mbele yao. Mwanamke haingii pale. Hapiti hata katikati. Fungu letu tunaletewa tulipo. Hakuna anayebishana, hata mimi mwenye mdomo huu.

Dereva mzee ndiye aliyechoma, naye ndiye aliyewapanga. Bosi akakaa mahali alipoonyeshwa, akafurahi, akapiga makofi, akaita kwa sauti mpaka uani: "Guys! Karibuni nyote!"

Mkalimani akaniangalia. Mimi nikafuta mikono kwenye leso, nikamfunga mtoto vizuri, nikaenda. Nikapita katikati. Nikakaa katikati ya ile nusu duara, mbele ya paja la mbuzi.

Hakuna aliyetafuna. Kijana mmoja wa ofisi yetu aliyekuwa na mfupa mdomoni aliusahau humo. Binti yangu, mwaka mmoja na nusu, akanyoosha mkono akashika maini.

Dereva akaweka kisu chini. "Binti yangu," akasema polepole, "hapa wewe nakuja kufanya nini?"

"Mzee, nimeitwa."

"Nani nakuita?"

"Bosi. Ameita guys. Na guys, amesema, ni kila mtu. Haina mwanamke, haina mwanamume."

Mzee akamgeukia bosi. Wote wakamgeukia bosi. Nami nilimwona akihesabu njia zake, akakuta ziko mbili na zote zina miiba. Akisema guys ni kila mtu, basi yeye ndiye aliyemwingiza mwanamke kwenye nyama ya wazee. Akisema guys ni wanaume, basi...

"Nilimaanisha wanaume," akasema. Akaangalia majani. "Obviously."

"Na asubuhi?" nikauliza.

"Asubuhi pia."

"Na ujumbe?"

Akaokota jani, akalikunja kama ile karatasi ya asubuhi.

Dereva akachukua kisu chake. "Wewe kijana," akamwambia bosi, "hii mahali yetu kila mtu najua nani nakaa, nani hapana kaa. Hata mtoto najua. Wewe naita watu wote, halafu nafunga mlango. Hiyo ni mbaya." Kisha akanigeukia: "Na wewe, toka hapo. Umeshinda. Sasa toka." Akakata ubavu mzima, akanipa mwenyewe mkononi.

Nikatoka, na aibu kidogo, siwezi kukataa. Mzee yule hakunikosea kitu, na nusu duara ile haijawahi kunidanganya. Ni lile neno lenye tabasamu ndilo lililonipandisha gari alfajiri na mtoto.

Tukala ubavu jikoni, mimi, mkalimani na binti yangu. Halafu nikanawa mikono, nikaenda getini penye sanduku la malalamiko, nikachukua fomu. Mkalimani akaniazima kalamu. Niliandika hivi, nikaacha nakala kwa mlinzi naye akapiga muhuri:

*Aina ya lalamiko: Kunyimwa nafasi ya mafunzo.*

*Maelezo: Tulitumiwa ujumbe ukisema "guys", na msimamizi alikuwa ametueleza mbele ya watu kwamba neno hilo linahusu kila mfanyakazi. Nilifika kwa wakati, na helmeti. Nikaambiwa neno lilihusu wanaume. Leo mchana amerudia maneno hayo mbele ya mashahidi saba, mmoja wao akiwa na mfupa mdomoni.*

*Unataka nini kifanyike: Nafasi zifunguliwe upya na wanawake wote watatu waandikwe kwa majina yao. Kama mafunzo ni ya wanaume, ofisi iandike "wanaume" na kuweka sahihi, niipeleke karatasi hiyo kwa wakubwa wake. Nisiombwe msamaha kwa ujumbe unaoanza na "Hi guys".*

*Lini unapatikana: Kesho saa mbili asubuhi, hapa hapa, karibu na pikipiki ya tatu kutoka kushoto. Ile nyekundu.*