Tonge la Kizingitini

Kwaru. Kwaru. Kabla sijaona chochote, nilisikia mwiko ukikwangua ukoko chunguni. Niamini, nilikuwa macho kabisa, jua la kijijini kwetu Zombe bado likiwaka, na chungu hicho nilikuwa nimekiosha mwenyewe nikakifunika.

Susu, yaani nyanya yangu, hakuwahi kula kabla ya kurusha kizingitini tonge la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwa ajili ya waliotangulia. Mchana huo tulikuwa tumepika kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na mama akaniambia nimrushie susu naye. Mimi, niliyerudi nyumbani na falsafa ya chuo kikuu, nikauliza, "Mama, nani amethibitisha kwamba wafu hula?"

"Na nani amethibitisha kwamba wewe una akili? Mbona tunakulisha?"

Tulicheka. Sikurusha. Yaliyobaki nikawamwagia kuku, mama akaenda sokoni, nami nikajilaza sebuleni. Ndipo mwiko ukaanza.

Jikoni nilimkuta kikongwe nisiyemjua, amechuchumaa, akikwangua chungu kitupu. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu, mbichi, na mvua hatujaiona kwa miezi.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "waliokufa huona njaa?"

Ungemjibu nini? Ulimi wangu ukakimbilia njia uliyoizoea. "Susu," nikamwita kama tunavyowaita vikongwe wote, "jambo hilo halina uthibitisho."

"Kwani nimekuomba uthibitisho? Nauliza kama umebakisha."

Sikuwa nimebakisha kitu. Alinitazama kwa huruma, afadhali angenitukana. Kisha akausimamisha mwiko ukutani, kichwa chini, jinsi alivyouweka susu maisha yake yote.

Tangu siku hiyo narusha tonge kila mlo. Asubuhi nakuta sisimizi wamelibeba, na sijui kama kuna mwingine aliyelionja. Sitajua. Lakini sasa naelewa kwa nini watu hukesha na maswali yasiyo na ushahidi: asiyejiuliza kama mfu ana njaa hula peke yake, na chakula hicho hakishuki. Changu hakishuki hadi leo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiulizwa swali kama lile, usianze kubishana. Funua chungu kwanza. Mimi nilichelewa. Nilipokuja kusema, "Susu, ngoja, nakupikia," alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti, na mlango, bila upepo wowote, ukafungwa taratibu nyuma yake.