Watu Watano, Ndege Moja, Tiketi Mbili

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya tiketi za ndege hapa Kisangani, nilifokewa na abiria kabla sijaonyeshwa choo kiko wapi. Ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa wanasafiri kwenda Kinshasa siku moja, viti vyao vimegusana, na mmoja alilipa karibu mara mbili ya mwenzake. Nilijua nimekosea tu. Nikamkimbilia mkuu wa kituo, mzee mnene asiyevua tai hata kwenye joto kali.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Zaina, haukuharibu kitu. Kiti iko moja, bei iko mingi. Njo vile inaendaka." Yaani, ndivyo mambo yanavyokwenda.

Akanieleza kwamba kompyuta inagawa viti katika madaraja ya bei, kila daraja na herufi yake. Viti vichache vinawekwa daraja la chini. Vikiisha, daraja linafungwa na la juu yake linafunguliwa. Kaka alinunua asubuhi, mdogo wake mchana, basi. Wasafiri walizoea kuniuliza: samaki wa sokoni jioni ikifika bei inashuka, mbona kiti kinapanda siku ya safari ikikaribia? Mkuu alikuwa na jibu. "Mutu wa mwisho iko na lazima. Kilio, ugonjwa. Huyo hawezi kungojea boti." Jibu hilo sikulipenda, na mpaka leo silipendi, lakini ni la kweli.

Baadaye nilipelekwa Kindu, chini ya mkuu wa mauzo, mama mkali asiyetaka soga. "Soma écran, usisome sura ya mutu," alikuwa akituambia, akigonga kioo cha kompyuta. Ni yeye aliyenifundisha kwamba ukiiomba kompyuta viti vya watu wengi kwa mara moja, inatafuta daraja linalowatosha wote. Kikipungua kiti kimoja tu, inawapandisha wote bei ya juu.

Nilirudi Kisangani, na miezi michache kabla ya kustaafu ikaja familia moja kutoka Isangi. Walikuwa watu watano, wanakwenda Kinshasa kumkabidhi bibi arusi kwa wakwe. Kiongozi wao, Papa Bolamba, aliomba viti vitano. Nilipomtajia bei akamgeukia dada yake mkubwa, Tantine Albertine, shangazi wa bibi arusi.

"Yaya, itabidi ubakie. Franga inatosha batu ine."

"Miye njo nilimulea ule mutoto," akasema Tantine polepole. "Mukono yake itashikwa na nani?"

Kwa desturi yao, shangazi ndiye anayemshika bibi arusi mkono na kumtoa. Hapo nikamwasi mama wa Kindu: nilisoma sura yake kwanza, ndipo nikasoma kompyuta. Daraja la chini lilikuwa na viti vitatu. Nikawagawa: watatu bei ya chini, wawili bei ya juu. Fedha zikatosha wote!

Papa Bolamba akakataa katakata. "Non, mama. Sisi tuko délégation. Famille inaenda kukabizi mutoto, haigawanyike. Karatasi moja, majina yote pamoja."

"Papa, karatasi iko mbili, ndege iko moja. Mutapanda wote, mutashuka wote."

"Na kama karatasi moja inabakia?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Ndege ikibadilishwa, tiketi zilizotengana huweza kupelekwa siku tofauti. Nikaandika katika kila tiketi namba ya ile nyingine, na neno kwamba hawa wasitenganishwe, nikamwonyesha kwa kidole. Akasoma mara mbili. "Yaya, unasema nini?"

"Nasema nyamaza, ulipe."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Tantine akadai tiketi moja ya bei kali iwe yake, kwa heshima yake. Nilimweleza kwamba kiti hakitakuwa laini zaidi. Hakujali, na siku ya safari, nilivyosimuliwa, akakalishwa safu ya mwisho, jirani na choo, akipunga mkono kama malkia.

Sasa nimestaafu, na majirani huniletea simu zao nisome bei. Swali langu la kwanza ni moja: muko watu ngapi? Nikiwagawa na bei ikashuka, wengine wananiona mchawi. Siwezi kusema bei za ndege zina haki, ila nimeona kwamba mtu akizielewa, mara nyingine anapata njia.

Jumamosi ile ya harusi nilikuwa bado kazini, watu wamejaa mbele yangu, simu ya ofisi ikalia. Nilisikia vigelegele, ngoma, kisha sauti ya msichana nisiyemjua.

"Mama wa tiketi? Miye njo bibi arusi. Siwezi kusema mingi, mukono moja inashikwa. Tantine iko hapa."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na hakuna abiria aliyelalamika kwamba namchelewesha.