Fahali Aliyelazwa Kuelekea Kaskazini

Wiki ile ya Krismasi tulikuwa tunapaka kanisa chokaa. Lilikuwa kanisa la udongo na mabati, kwenye mteremko wa chini ya Laare, pale mashamba ya miraa yanapoisha na ardhi inaanza kushuka kuelekea nyika. Mimi nilikuwa mwalimu wa madarasa ya chini, sijaolewa, na kwa sababu hiyo kila kazi iliyokosa mwenyewe niliangushiwa mimi. Nilipaka kuta, nikafundisha kwaya, nikazunguka kuomba masufuria. Kwaya yenyewe ilikuwa balaa. Wanaume wa sauti nzito waliwafuata wanawake kwenye sauti ya juu kwa woga wa kubaki peke yao, na nilipowakaripia walicheka kama watoto wa shule. Baba alisimama mlangoni akasikiliza, akaniambia nisijisumbue, Mungu anajua tulikusudia kuimba nini.

Baba yangu, Zakayo, ndiye aliyekuwa mwinjilisti wa kanisa hilo. Mchungaji alikuja mara chache kwa baiskeli, akabatiza, akala kuku, akaondoka. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa juu ya Baba. Alikuwa mtu mfupi, mkaidi, mwenye tabia ya kucheka akiwa peke yake. Nilimpenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na nalisema hilo mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kule chini, kaskazini, vita vya shifta vilikuwa vimepamba moto. Kuna waliochukua bunduki wakitaka sehemu yao ijitenge na Kenya, serikali ikapeleka jeshi, na katikati wakasagika wafugaji wasiokuwa na bunduki wala jeshi. Ng'ombe wao waliporwa na huyu, waliobaki wakapigwa risasi na yule. Baadhi yao walipanda kwetu kwa miguu, wamekauka midomo. Siku zile za kupaka chokaa, tayari kulikuwa na familia kadhaa za Waborana zinalala kwenye ghala la mahindi la kanisa. Baba ndiye aliyewafungulia.

M'Ikiara hakupenda. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, na tena askari wa akiba, maana serikali ilikuwa imempa bunduki na koti zito alilolivaa hata jua likiwaka. Alisema mbele ya watu kwamba Zakayo anafuga chui. Baba alimjibu kwamba chui wake wana watoto wenye kuhara, na kama kuna mtu ana maziwa alete.

Kanisa lilikuwa limepewa fahali wa Krismasi na muumini mmoja. Tatizo lilikuwa moja tu, na Baba alilileta kwenye kikao cha wazee: wageni wetu ni Waislamu, na nyama iliyochinjwa na mmoja wetu hawataila.

"Basi wale viazi vya mukimo," M'Ikiara akasema. "Kuna mtu amekufa kwa kukosa nyama?"

"Ni Krismasi," Baba akasema. "Sisi tutafune nyama, wao tuwape harufu?"

Wazee wakacheka, na ikakubaliwa kwamba Athumani aitwe.

Athumani, mtu mnene, alikuwa na bucha sokoni Laare. Baba yake alikuwa mtu wa mbali aliyekuja na misafara ya biashara, mama yake Mmeru wa Tigania. Kimeru alikizungumza vizuri kunishinda, na kila mwanamke wa upande ule alimjua, kwa sababu alikuwa na mkono mwepesi wa kuongeza kipande cha mafuta juu ya nyama uliyonunua. Alikuja asubuhi ya Krismasi akiwa amevaa kanzu safi, visu vyake vimefungwa ndani ya gunia. Mkewe, Zainabu, alimpa mkate wa sinia atuletee. Alikaa nje kwa heshima mpaka ibada ikaisha.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja la kwetu. Wazee wetu waliomba wakielekea Mlima Kenya, na sisi wa kanisani, pamoja na ubatizo wetu wote, hatukuwa tumeiacha tabia hiyo. Kutoka kwetu Mlima hauonekani, vilima vya Nyambene vinauziba, lakini kila mtu alijua uko upande gani. Mlango wa kanisa ulitazama huko. Mnyama wa sherehe alilazwa kichwa chake kikitazama huko. Hakuna aliyekuwa amefundishwa hivyo, na hakuna aliyefanya vinginevyo.

Athumani aliwaambia vijana wamlaze fahali, kisha akamzungusha mpaka akaelekea kaskazini.

M'Ikiara alisogea. Alipovaa lile koti la serikali alikuwa hasemi Kimeru na mtu wa soko, alihamia Kiswahili.

"Wewe Athumani. Geuza hiyo kichwa. Hapa ng'ombe inaangalia Mlima."

"Mzee, ikiangalia Mlima hawa wageni hawatakula. Inaelekea Makka. Makka iko kule."

"Kule ni kwa shifta."

"Shifta wako kule, nyika iko kule, Makka pia iko kule. Mimi natafuta Makka tu, Mzee wangu."

Watu waliangua kicheko, na M'Ikiara hakupenda kuchekwa. Baba alimshika bega, akamwambia Athumani aendelee. Athumani akasema Bismillahi, Allahu Akbar, kwa sauti kubwa, kwa sababu alitaka wageni walioketi mbali kule ghalani wasikie kwa masikio yao na wale bila wasiwasi. Kisu kikapita mara moja.

Tulikula nje, kwenye nyasi. Mimi nilipeleka sinia ghalani. Kulikuwa na mama mmoja huko, Habiba, ambaye tangu aje hakuwa amenena neno zaidi ya asante. Alitazama nyama, akanitazama. Nikamwonyesha Athumani. Akaita watoto wake, akamlisha mdogo kwanza, halafu akaanza kula yeye, na machozi yakamtoka huku akiendelea kutafuna. Baba aliona. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama Baba alivyokuwa dakika ile.

M'Ikiara alitakiwa kuwa juu, kwenye njia inayoshuka kutoka mashamba ya miraa. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake, na ndiyo sababu ya kupewa bunduki. Lakini harufu ilimshinda. Alishuka, akaiegemeza bunduki ndani ya kanisa nyuma ya mimbari, akaketi na sahani. Nilimwongezea mchuzi mwenyewe.

Risasi ya kwanza tulidhani ni bati limepasuka kwa jua.

Ya pili ilimpiga Baba.

Shifta walikuja kutoka juu. Nalirudia, kwa sababu baadaye lilikuja kukataliwa: walikuja kutoka juu, katikati ya miraa, mbele ya kanisa, kutoka upande wa Mlima. Walikuwa wachache. Walipiga ovyo ili tutawanyike.

Nililala chini. Mdomo wangu ulijaa udongo.

Nilimwona M'Ikiara akikimbia, na hakukimbilia mimbari. Alikimbilia migomba.

Walifungua maboma yaliyokuwa kando ya kanisa, wakaswaga ng'ombe wakateremka nao. Walipopita ghalani, mmoja wao alimpiga mume wa Habiba kwa kitako cha bunduki, akaanguka. Kisha wakatoweka.

Nilipoinua kichwa, watu wote walikuwa wamekimbia isipokuwa mtu mmoja. Athumani alikuwa amepiga magoti juu ya Baba. Alikuwa amechukua kisu chake na kuchana shati la Baba ili alifunge jeraha la tumboni. Alikuwa akimwambia kwa Kimeru, "Vumilia, Zakayo, vumilia ndugu yangu." Baba alijaribu kusema kitu. Damu ilitoka badala ya neno. Nilifika nikamshika mkono, na mkono ulikuwa bado wake, halafu haukuwa wake tena.

Watu walirudi mmoja mmoja kutoka migombani. Waliloliona ni hili: mwinjilisti amekufa, Mwislamu amemwinamia, ana kisu, na damu imemfika viwikoni.

M'Ikiara alirudi na koti limechanika. Kila mtu alikuwa amemwona na sahani. Kila mtu alikuwa amemwona akikimbia. Alizitazama nyuso zao, na nilimwona akielewa kwamba wakati wowote mtu mmoja angeuliza swali.

"Aligeuza ng'ombe," akasema. Safari hii alisema kwa Kimeru. "Aliigeuza iangalie kaskazini, akawaita kwa lugha yao. Nyote mlisikia."

Na kweli walikuwa wamesikia.

Nilisimama. Niliwaambia kwamba hiyo ni kibla, kwamba Waislamu wote wa Kenya huelekea huko kuchinja na kusali na hata kuzikwa. Niliwaambia kwamba bunduki zimetoka juu, upande wa Mlima wala si kaskazini, waende watazame miraa ilivyokanyagwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

"Mwalimu, usitusomeshe hapa," kijana mmoja akasema. Alikuwa mwanakwaya wangu. "Baba yako hata hajapoa na wewe unamtetea aliyemuua?"

Athumani hakukimbia. Nadhani hakuamini. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, akimtaja huyu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, yule kwa jina la mama yake. Alimwambia M'Ikiara, "Mzee, wewe unanijua." Ni kweli alimjua, na kwa sababu hiyo M'Ikiara alikuwa wa kwanza kumpiga.

Sitaeleza yote. Walitumia majembe yaliyokuwa kwenye ukuta wa kanisa, na wengine mawe. Wanawake walikuwepo. Mwanamke aliyekuwa ameongezewa mafuta na mkono ule, namjua kwa jina, alirusha jiwe. Nilimshikilia kijana mmoja kiunoni nikatupwa chini. Ilichukua muda mrefu kuliko mnavyofikiri, kwa sababu mtu mnene hafi upesi, na mpaka mwisho alikuwa akijaribu kuvuta kanzu yake chini asibaki uchi mbele ya wanawake.

Wageni wa ghalani walifukuzwa jioni ileile, warudi chini walikotoka. Habiba alipita karibu yangu na mtoto mgongoni, mumewe akiyumba nyuma yake. Nilimpa chungu cha maji. Hakuchukua.

Tulimzika Baba kwa nyimbo. Athumani walimtupa kwenye shimo la choo kipya cha shule lililokuwa bado halijaanza kutumiwa, wakamwagia udongo. Polisi walipofika, M'Ikiara aliwaambia kwamba shifta wameua watu wawili, mwinjilisti na mchinjaji. Mimi niliwaambia la kweli. Ofisa alinisikiliza kwa makini, akanipa pole ya msiba, akaniambia huzuni huwachanganya watu.

Nyama iliyobaki iligawanywa nyumba kwa nyumba. Sehemu yetu ililetwa ikiwa imefungwa kwa jani la mgomba, na salamu za rambirambi. Mama aliichukua akaenda akaizika nyuma ya jiko.

Zainabu alikuja na kaka yake. Alikuwa ameambiwa kwamba mumewe alichukuliwa na shifta, lakini sokoni watu hawawezi kufunga midomo. Alisimama mbele ya kanisa lililopakwa chokaa upya akauliza kwa utulivu, "Yuko wapi?" Wanaume walitazama vidole vya miguu yao. Nikamwambia anifuate.

Alipoona ni shimo gani, alikaa chini. Kaka yake alishuka na jembe. Wanaume walisimama mbali wakatazama, mikono wameikunja, hata mmoja hakuja. Aliyekuja ni Mama. Alileta maji, na alileta kipande cha shuka nyeupe kilichobaki tulipomshonea Baba sanda. Zainabu alimtazama mama huyu mwenye kilemba cha msiba.

"Na wewe umefiwa?"

"Na mimi."

"Aliyekuwa wako ndiye alimwita wangu?"

"Ndiye," Mama akasema. "Alimwita ili watu wale."

Zainabu alichukua shuka. Walimwosha palepale, wakamfunga, wakampakia kwenye mkokoteni wakaenda naye Laare akazikwe na wenzake. Sikumwona Zainabu tena. Bucha ile ilifungwa, na kwa muda mrefu watu wa kwetu walilalamika kwamba nyama ya Laare imekuwa mbaya.

Nimezeeka sasa, na watu huniuliza vita vile vilitunyang'anya nini. Wanataka niseme shifta. Shifta walimuua baba yangu, na sijawasamehe, wala sitajifanya. Lakini walikuja na bunduki, walikuwa wageni, walitaka ng'ombe, na hayo yote naweza kuyaelewa. Wale wengine nilikuwa nimewafundisha kuimba. Nilikutana nao dukani na kisimani miaka yote iliyofuata, tukasalimiana, nikawafundisha watoto wao kusoma. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo lile. M'Ikiara alikufa kitandani kwake, akiwa na wajukuu wengi, na hotuba za mazishi zilikuwa ndefu.

Kabla ya hapo alikuwa amepewa nafasi ya Baba. Krismasi ya mwaka uliofuata yeye ndiye aliyeongoza sala. Fahali alikuwa amechinjwa na vijana wetu wenyewe, kichwa kikitazama Mlima. M'Ikiara alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa mwaka wa amani, na akamshukuru kwa namna ya pekee kwamba safari hii hakuna mhitaji hata mmoja aliyekuja mlangoni petu. Watu wakasema amina.