Umeme wa Kupita

Mwenye mashine ya kusaga walimwita Baba Unga, na jina lilimkaa vizuri, maana siku za kazi hata nyusi zake zilikuwa nyeupe. Alijua wewe ni mke wa nani kwa kutazama debe lako tu. Unga ukianza kutoka, alichukua kidogo kwa ncha za vidole, akausugua, kisha akakaza au akalegeza jiwe la kusagia huku akiendelea na mazungumzo. Injini yake ya dizeli ilikohoa kama mvuta tumbaku, na kikohozi hicho ndicho kilichokuwa tangazo lake. Wanawake wakikisikia tu, hao wanajitwika nafaka.

Kisha zikaja nguzo za chuma. Laini kubwa ya umeme ilikatiza mashamba, na chini yake haukutakiwa mti mrefu wala nyumba. Waliokatiwa miti walinung'unika, waliokuwa na vyumba vya ziada wakawapangisha mafundi wa laini. Aliyechangamka kuliko wote ni shemeji yake Baba Unga, kaka wa mkewe, mwenye bustani kando ya mto. Mafundi walimaliza nyanya zake kabla hazijaiva sawasawa. Akataka injini ya kuvutia maji.

"Shemeji, niuzie hiyo ya kwako," alisema. "Wewe si unaingia kwenye umeme sasa?"

Baba Unga alitazama ng'ambo ya barabara. Nguzo ilikuwa pale pale, anaiona akiwa amekaa.

"Umewauliza wenyewe?" mkewe alimuuliza.

"Mama watoto, nikaulize nini, na kitu kiko mlangoni?"

Akauza injini. Kwa fedha ile ile akanunua mota ya umeme, mpya, ingali ndani ya sanduku la mbao, akaenda kwa msimamizi wa mafundi kuomba aunganishiwe waya. Msimamizi alikuwa akila nyanya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Mzee, umeme huu uko safarini, unaenda mjini. Una nguvu mno. Nikikushushia hapa, wewe na mota yako tutawazoa kwa ufagio."

"Basi utashuka lini?"

"Mpaka kijengwe kituo cha kuupoza. Na hicho sijasikia kikitajwa."

Baba Unga alirudi nyumbani akapitia mlango wa nyuma.

Mashine ikanyamaza. Wanawake wakaanza kupanda kilima kwenda kusaga upande wa pili, na wakirudi na mizigo yao hawakumwacha.

"Siku hizi nyusi nyeusi, Baba Unga. Umerudi ujana?"

Alicheka nusu mdomo. Kazi nyingine hakuijua, na kwenda kwa shemeji kuomba kitu alichouza mwenyewe kulimshinda. Nyaya zikavutwa hadi kilima cha mwisho, mafundi wakafunga virago. Vyumba walivyopanga vikabaki na misumari ukutani.

Mkewe alirudi kutoka kwa kaka yake akatua kikapu cha nyanya zilizolegea.

"Injini yako imefunikwa gunia," alisema. "Mafundi wameondoka, hana wa kumuuzia. Nenda."

"Akanicheke?"

"Atakucheka. Halafu?"

Baba Unga akaenda.

"Karibu, bwana umeme," shemeji alimpokea bila kuinuka.

"Asante, mfalme wa nyanya. Wateja hawajambo?"

Walitazamana. Aliyeanza kucheka ni shemeji.

"Kukurudishia fedha siwezi," alisema Baba Unga. "Zimo ndani ya mota."

"Na zangu zinaoza hapo shambani. Injini irudi kwenye mashine, lakini ibaki yangu. Kinachoingia tugawane. Na mimi niwepo pale, nifanye kazi."

"Wewe? Hata kushika unga hujui."

"Si utanifundisha."

Waliibeba kwa mkokoteni, wakaifunga mahali pake. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena ikashika. Hawajamaliza hata kukaza mkanda, mama mmoja huyo mlangoni na debe lake. Aliitazama mota iliyokuwa kwenye sanduku pembeni, akaketi juu yake.

"Na mgeni wenu huyu, kazi yake nini?"

"Anasubiri umeme," alisema Baba Unga. "Mkalie tu, hana neno."

Unga ukaanza kutoka. Baba Unga akachukua kidogo, akamtilia shemeji yake kiganjani.

"Haya, sema."

Shemeji akausugua, akafumba macho kama daktari.

"Umelainika."

"Una chenga," walijibu Baba Unga na yule mama kwa pamoja, na Baba Unga akakaza jiwe.