Wanjugu wa Dunia ya Pili

Gachoki alikuwa amewaua watu wengi kabla ya kumuua mama yake, na hakuna hata mmoja wao aliyemnyima usingizi.

Mchana alikuwa karani katika ofisi moja pale Siakago, mtu wa kugonga mihuri na kuwaeleza wakulima kwamba mbegu hazijafika. Jioni alikuwa mwandishi wa *Mizani*, mfululizo wa riwaya za kisayansi ambao sasa ulikuwa na vitabu vinne, vyote vimechapishwa na Kaberia, mwenye mtambo wa uchapaji kule Majengo, Meru, katikati ya bucha mbili. Katika riwaya hizo msafiri mmoja hupanda juu ya mizani ya kupimia majani chai. Ikisoma uzito usio wake, basi amekwisha kuvuka: yuko katika dunia nyingine, yenye mlima ule ule, chai ile ile na watu wale wale, ila kila mtu ameishi kwa njia tofauti kidogo. Katika dunia mojawapo mbegu hufika kabla ya mvua. Wasomaji waliandika kulalamika kwamba hilo haliaminiki.

Kanuni kuu ya mfululizo ilikuwa kwamba mizani lazima isawazike. Mtu akifa katika dunia moja, mwenzake wa dunia nyingine, mwenye jina lake na sura yake, huanza kupungua. Hupungua polepole, nguo zikimlegea, mpaka anaisha. Gachoki aliipenda sana kanuni hiyo. Aliibuni akiwa anakula.

Kosa lake lilikuwa la majina. Dunia nyingi zinataka majina mengi, naye kwa majina alikuwa mvivu. Katika kitabu cha nne alihitaji bibi kizee mkulima wa chai afe katika Dunia ya Pili, akamwandikia jina la kwanza lililomjia: Wanjugu. Ndilo jina la mama yake mzazi, anayeishi Kianjokoma juu. Na kwa kuwa Waembu humpa binti wa kwanza jina la mama wa baba, ndilo pia jina la binti yake, ambaye tangu azaliwe Gachoki hajawahi kumwita Wanjugu. Humwita Mama, kama inavyostahili, naye mtoto humwita bibi yake cucu. Mwandishi wa kabila jingine angeua mhusika mmoja. Yeye kwa sentensi moja alikuwa ameukata ukoo juu na chini.

Hayo hakuyafikiria hata kidogo, hadi likizo ya Aprili, mkewe Nelius aliporudi kutoka Kianjokoma na kutua kikapu mlangoni.

"Baba Wanjugu, mama yako amekonda."

"Amekonda aje?"

"Vile watu hukonda. Sketi anaifunga na kamba."

"Na Mama?"

"Mtoto? Chakula anachezea tu. Nimemwambia turudi, amekataa kumwacha cucu wake."

Gachoki aliketi. Alikuwa mtu wa sayansi. Cheti kilikuwa ukutani. Alijieleza kwa ufasaha mkubwa kwamba wazee hukonda, kwamba kuna malaria, kuna meno, kuna kiangazi. Wakati bado anajieleza, vidole vyake vilikuwa vimekwisha kumpigia Kaberia.

"Kaberia, kitabu cha tano nataka yule bibi afufuke."

"Afufuke aje, na tulimzika? Ng'ombe wake wakalia! Hapa jirani yangu wa bucha alifunga duka mapema kwa kumlilia. Watu watanirudishia vitabu, ndugu yangu."

"Basi chapa upya, ubadilishe jina."

"Niweke gani?"

"Lolote."

"Sawa, wacha niweke la mama yangu," Kaberia akacheka.

Kicheko kilikatika katikati. Kisha Kaberia, mtu aliyesoma hadi chuo kikuu na asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo nimetania tu, Gachoki. Usiandike hiyo mahali." Akakata.

Jumamosi Gachoki alipanda Kianjokoma mbio. Njia ya kwa mama yake inapita kituo cha kuuzia majani chai, ambapo wanawake walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao, mizani ikiwa mbele yao. Kumbe kitabu cha nne kilikuwa kimefika huko kabla yake.

"Huyo ndiye alimzika mamake akiwa hai," mmoja alisema, bila kujisumbua kupunguza sauti.

"Gachoki, umekuja matanga, ama umekuja kutumaliza sisi wengine?"

Walicheka. Lakini alipokaribia kuwasalimu, foleni ilisogea nyuma kidogo, na mama mmoja akavuta kanga usoni kana kwamba jina lake linasomeka kwenye paji. Hapo Gachoki alijua kwamba haogopi peke yake, na hilo halikumsaidia. Aliizunguka mizani kwa mbali.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Mabega yalikuwa yamechomoza ndani ya sweta. Binti alikuwa kando yake, macho makubwa kuliko uso, na kitabu cha nne kilikuwa mapajani mwake kimefunikwa gazeti vizuri, kama vile watoto hufunika vitabu vya shule.

"Karibu," mama alisema kwa Kiembu. "Tumefika pale ninapokufa. Hapo ndipo tunafika kila siku."

"Mama, hiyo ni hadithi tu."

"Kwa nini basi umekuja mbio?"

Alimgeukia binti. "Na wewe, Mama, kwa nini huli?"

"Mimi pia ni Wanjugu," mtoto alisema. "Umeandika mizani lazima isawazike. Cucu akipungua na mimi nisipungue, si atapungua mara mbili? Nimegawana na yeye."

Gachoki alitafuta kasoro katika hesabu hiyo, akakosa. Kanuni ilikuwa yake mwenyewe, na ilikuwa inafanya kazi mbele ya macho yake, bila dunia ya pili, bila mizani, kwa karatasi na woga tu. Ingeweza kuwamaliza wote wawili kabla shule hazijafunguliwa.

"Nitamfufua," alisema haraka. "Nitaandika alipona."

"Mtu akifa amekufa," mama alisema. "Si hilo linalonikataza chakula. Nikishika kijiko namwona yule mwingine amelala, nyumba kimya. Niambie. Gachoki wa huko alikuwa wapi nikifa?"

"Sikumwandika."

"Uliandika ng'ombe."

"Ndiyo."

"Ukaandika ng'ombe analia, ukasahau mtoto. Umeniua, sawa, kila mtu atakufa siku moja. Lakini ukanifanya tasa kwanza!" Alitupa jiwe lililokuwa kwenye maharagwe, likampita Gachoki sikioni. "Mwandike. Afike kabla sijakata roho. Aninyweshe uji. Hapo nitakula."

Katika vitabu vinne Gachoki hakuwahi kuandika jina lake. Wasomaji walidhani ni unyenyekevu. Ukweli ni kwamba aliijua kanuni, na anayeandikwa hupimwa, na anayepimwa huweza kupungua.

"Nikimwita jina lingine, mama? Kinoti, kwa mfano."

"Nilizaa Kinoti mimi?"

Binti alikuwa tayari amemnyooshea penseli.

Aliandika nyuma ya ukurasa wa mwisho, herufi zikifanana na za mtoto wa chekechea: *Mlango ulifunguliwa. Gachoki aliingia na kikombe cha uji, akapiga magoti karibu na kitanda, akasema, Mama, nimechelewa.* Alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye jina lake aliliruka, ikabidi arudie.

Mama yake alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafanya kama wazee wa huko wanavyobariki: akatema mate kidogo, kama umande, juu ya ukurasa, juu ya kifua cha mjukuu, juu ya viganja vya mwanawe.

"Sasa leteni uji."

Ulikuwa uji wa wimbi. Alikunywa kikombe, akapumzika, akanywa kingine. Mtoto alimwangalia mpaka kikombe cha kwanza kilipoisha, ndipo na yeye akaanza, kwa haraka, uji ukimtiririka kidevuni. Gachoki aliwatazama na kutaka kulia.

"Na wewe je?" mama aliuliza.

Alipokea kikombe. Akakishika. Hakikupanda hadi mdomoni.

Jioni, jua likiwa bado juu ya chai, aliteremka akimshika binti mkono. Pale kituoni karani wa mizani alikuwa anafunga kazi. "Mwandishi!" alimwita. "Panda tukupime, ni bure!"

Wanawake walicheka. Gachoki alihamia upande wa pili wa barabara, mkono mmoja kwa mtoto, wa pili umeshikilia suruali kiunoni, ambayo asubuhi hiyo haikuhitaji kushikiliwa.