Kikwembe Kilichochuja Rangi

Kikwembe kipya, kitenge cha mama cha kujifunga, kilinukia wanga na mafuta ya taa, na enzi zile nchi yetu ikiitwa Zaire, nilipokuwa nikijiandaa kwa komunyo ya kwanza, harufu hiyo ilijaa chumba chetu cha Kadutu, Bukavu. Kila jioni mama alikitoa sandukuni, akakitandaza kitandani, akakirudisha bila kukivaa. Aliuza unga wa muhogo sokoni. Katika parokia yetu wanawake waliovaa vikwembe halisi vya Uholanzi, vilivyoitwa hollandais, walipishwa viti vya mbele, na wa kwanza wao alikuwa Maman Faida, ambaye mumewe alifanya biashara ya dhahabu ya Kamituga. Mama alitaka kuketi safu ile, walau siku moja. Kwa ajili hiyo tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, bila samaki majuma mengi, na baba alikwenda kazini na viatu vilivyotoboka. Hata hivyo pesa hazikutosha. Akanunua kikwembe cha kuiga, akaomba kwa rafiki yake kitambaa chakavu cha Uholanzi, akakata ukingo wenye maandishi ya kiwanda na kuushonea kwenye chake.

Siku ilipofika, mama aliketi mbele. Nilimwona ameinua mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tulipotoka kanisani mvua ikatukuta uwanjani, naye akanifunika kwa kipande cha juu cha kikwembe chake cha bluu ili gauni langu jeupe lisilowe. Mvua ilipopungua, nilikuwa bluu kuanzia begani hadi kiunoni. Maman Faida akainama, akashika ukingo wa kikwembe, akausoma, akauvuta kidogo. Uzi ukaachia.

“Mama Nabintu,” akamwambia mama kwa sauti ya chini, “hii iko hollandais ya wapi?”

Nikajibu mimi: “Iko wino ya ku masomo. Ni miye nilijimwangia.”

Wanawake wakacheka, tena kwa upole, kama watu wanaomhurumia mtu. Nadhani upole huo ndio uliomchoma mama zaidi. Akanishika mkono, tukapanda kilima bila kungoja chakula walichoandaliwa watoto wa komunyo. Nyumbani alilifua gauni mpaka vidole vikachubuka, na bluu haikutoka.

“Unisamehe, mutoto yangu,” akasema. “Nilitaka na miye banione.”

Tangu hapo alisali misa ya alfajiri, akiketi nyuma kabisa. Nilimwonea haya, kisha nikajionea haya kwa kumwonea haya yeye.

Leo nina mshahara mzuri. Binti yangu alipokaribia kuolewa, nilikodi gari kubwa jeupe limpeleke kanisani, ingawa kanisa liko ng’ambo ya barabara yetu.

“Tutapanda gari ya kuvuka barabara, maman?” akauliza.

“Watu watasema nini tukienda kwa miguu?”

“Watu gani?”

Nilitafuta jina hata moja la kumtajia, nikakosa. Na bado sikulirudisha gari.