Deputy alipotea Sagalla, halafu akataka kumfukuza msichana aliyekataa kumfuata

Wakuu, nawasalimu kutoka Voi. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na mpaka leo yananichoma.

Kazi yangu ni kufundisha wanafunzi wa sekondari kujiokoa porini na kuongoza wenzao. Majuzi nilipeleka wasichana kumi na wawili wa Form Two kwenye kilima cha Sagalla. Deputy wao, naibu wa principal, akaja kuwasindikiza. Viatu vya ofisi, kachupa kamoja ka maji.

Nikanyamaza. Kosa langu hilo.

Kiongozi wa siku alikuwa Mghoi, mpole kupita kiasi. Sheria kubwa niliyowapa: ukipotea, simama, kaa kivulini, piga filimbi.

Tukishuka, mmoja akateguka mguu. Nikabaki kumfunga, nikamwambia Mghoi atungoje na wenzake kwenye mwamba ulio mbele.

Kufika hapo na yule aliyeteguka, nahesabu wasichana tisa wanaotungoja. Deputy hayuko.

"Amesema anajua shortcut," Mghoi akaniambia. "Ametuamuru sote twende. Nikamwambia tumeambiwa na wewe tungoje. Wawili wakaogopa, wakamfuata."

Jamani, huko chini ni njia ya ndovu!

Nikamwachia Mghoi kundi, nikashuka mbio. Karibu masaa mawili naita, sisikii kitu. Nilianza kufikiria nitawaambia nini wazazi.

Ndipo nikasikia filimbi.

Wale wawili walikuwa wamekaa kivulini, midomo imekauka, wanapuliza kwa zamu. Hatua chache tu kutoka hapo, mavi ya ndovu bado mabichi. Na deputy amewasimamia akifoka, "Nyamazeni! Mnaniaibisha!"

Mnadhani alishukuru? Kurudi shuleni, akaandika barua Mghoi apewe suspension kwa kudharau mwalimu!

Nikaingia kwa principal, deputy akiwa hapo hapo. "Madam, huyu mtoto angetii, leo ningekuwa natafuta kumi na mmoja."

Madam akawaita wale wawili, wakaeleza yote. Akairarua barua. "Mwalimu," akamwambia deputy, "nenda ukamshukuru huyo mtoto."

Deputy akatoka. Sijasikia kama alishukuru.

Nilichojifunza: ongea mapema, hata na mkubwa. Ningemzuia yule deputy kabla hatujaanza kupanda, hakuna mtoto angekauka midomo. Na tuache unafiki. Tunawafundisha watoto uongozi, siku wakiongoza kweli tunawaita watovu wa nidhamu.

Walimu na wazazi mlio humu, mwageni maoni, hata ya kunikosoa. Mtoto wako akikataa amri ya mwalimu namna hii, ungemtetea au ungemchapa kwanza?